HKMO kwenye simu: uzoefu wangu na programu ya METAR na TAF kwa uwanja wa Moi, Mombasa

Programu hii naitumia kupanga safari za ndege ndogo zinazoingia na kutoka Uwanja wa Kimataifa wa Moi, ambao kwenye chati zetu ni HKMO. Inavuta ripoti ya METAR (hali ya hewa ya uwanja ilivyo sasa) na utabiri wa TAF (hali ya hewa ya uwanja kwa saa zijazo), inayaonyesha maandishi yenyewe kama yalivyotumwa, kisha chini yake inaweka tafsiri, hesabu ya upepo na duara la rangi. Nimeitumia kusi na kaskazi. Naipa nyota nne, na iliyobaki nimeizuia kwa sababu ya lile duara.

Rangi hupangwa kwa vitu viwili tu: umbali wa kuona na kimo cha dari la mawingu. Upepo haumo, hali ya lami haimo. Tena FEW (mawingu machache) na SCT (yaliyotawanyika) hazihesabiwi kuwa dari. Dari huanza kwenye BKN, mawingu yanayofunika zaidi ya nusu ya anga. Sasa chukua ripoti ya aina hii, ambayo msimu wa kusi haishangazi mtu:

HKMO 121200Z 16016G26KT 9999 SCT022 29/24 Q1013

Yaani tarehe 12, saa 1200Z; upepo kutoka nyuzi 160 wa noti 16 (maili za baharini kwa saa), na mpigo, upepo wa ghafla unaoandikwa G, wa 26; kuona kilomita 10 au zaidi; mawingu SCT kwenye futi 2,200; joto 29 na kiwango cha umande 24; shinikizo la hewa 1013. Duara litakuwa kijani, maana yake hali ni nzuri. Lakini fanya hesabu. Njia kuu ya kurukia ni 03/21 (namba ni mwelekeo kwa makumi ya nyuzi, 21 ni nyuzi 210), yenye urefu wa takriban mita 3,350. Ukitua 21, upepo wa 160 unakujia kwa pembe ya nyuzi 50. Kwa wastani wa noti 16 unapata noti 12 za ubavuni na 10 za mbele. Kwa mpigo wa 26, za ubavuni zinafika 20. Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja, kitabu chake kinaonyesha imehimili noti 15 za ubavuni. Programu inakuandikia 12, kwa sababu inakokotoa wastani na kuacha mpigo. Hili ndilo kosa lake kubwa, na anayeanza kazi halioni. Hesabu ya kichwani inatosha: pembe ya nyuzi 30 chukua nusu ya upepo, 45 chukua asilimia 70, ikipita 60 chukua wote, na siku zote tumia namba iliyo baada ya G.

Isitoshe, G yenyewe haiandikwi mpaka mpigo uzidi wastani kwa noti 10 au zaidi. Ukiona 16016KT bila G, usidhani upepo umetulia. Unaweza kupanda hadi 24 na ripoti isiseme neno.

Kwa ndege nyepesi kuna njia fupi, 15/33, ya kama mita 1,260. Kwa upepo ule ule, ukitua 15 ubavuni unabaki na noti 5 hata kwenye mpigo. Nafuu kubwa, mradi uzito wako na kitabu cha ndege vinaruhusu urefu huo, na NOTAM (matangazo rasmi kwa marubani) za siku hiyo haziisemi kuwa imefungwa. Programu inaziweka NOTAM kwenye ukurasa mwingine kabisa. Zifungue kabla ya kuanza kushughulika na upepo.

Saa. Z ni saa ya Greenwich. Kwa saa zetu za Kiswahili toa tatu: 0600Z ni saa tatu asubuhi, 1200Z ni saa tisa alasiri. Programu ina kitufe cha kugeuza saa, nami nimekizima, maana mnarani kwa waongozaji ndege na kwenye mpango wa safari wanazungumza Z.

Kwa mtu anayejua pepo za pwani, TAF inasomeka vizuri sana. Kaskazi inakupa njia 03, kusi inakupa 21. Alfajiri upepo wa bara huwa dhaifu na METAR huandika VRB02KT (noti 2, mwelekeo unabadilika-badilika) au mfano wake. Jua likipanda, upepo wa bahari unaingia na kuuimarisha ule wa msimu, kwa hiyo alasiri ndiyo saa ya kujihadhari na ubavu. Wakati wa maleleji ndipo BECMG, alama ya TAF ya hali inayobadilika, inapostahili kusomwa mara mbili, kwa kuwa upepo unaweza kugeuka kati ya kuondoka kwako na kurudi.

Masika ina mambo yake, hasa mwezi wa Mei. Mvua za ghafla zinatoka baharini usiku na asubuhi mapema, zinapiga kwa nguvu na kupita. METAR ni picha ya dakika moja. Inaweza kusema 9999 na huko Port Reitz, jirani na uwanja, kumeshaziba. Tafuta VCSH, yaani mvua ya ghafla jirani na uwanja. VC maana yake ni kati ya kilomita 8 na 16 kutoka uwanjani. Noti 16 ni kama kilomita 30 kwa saa, hivyo mvua iliyo kilomita 8 upande unakotoka upepo inaweza kukufikia kwa robo saa tu. Programu inaitafsiri VCSH kwa maneno mapole kana kwamba haikuhusu. Isome mwenyewe.

Tofauti ya 29/24 nayo ina kazi: nyuzi 5 mara futi 400 ni futi 2,000, kimo cha kukadiria cha chini ya mawingu ya kutuna. Ikilingana na SCT022, ripoti imeshikana.

Hali ya lami hutaipata humu. Tangu tarehe 4 Novemba 2021, utaratibu wa ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, hutoa namba kwa kila theluthi ya njia: 6 ni kavu, 5 ni majimaji yasiyozidi milimita 3, 2 ni maji yaliyotuama kupita hapo. Ukisikia 5/5/2, theluthi ya mwisho ina madimbwi, na hapo ndipo utakapokuwa ukihitaji breki. Tairi huanza kuelea juu ya maji kwa mwendo wa noti 9 mara kipeuo cha pili cha shinikizo lake kwa psi (pauni kwa inchi ya mraba): tairi la psi 36 ni noti 54. Ndege nyepesi inagusa lami karibu na mwendo huo, kwa hiyo kaa imara, usikanyage breki mpaka ipungue. Namba hizi ziulize mnarani.

Kikokotoo cha kimo cha msongamano wa hewa ni kizuri, nakisifu. Uwanja uko futi 200 hivi, lakini kwa nyuzi 32 na Q1012 injini inahisi futi 2,300, na unyevu wa pwani unaongeza juu yake. Kwa mita 1,260 hilo si jambo dogo.

Kuhusu uwanja wa akiba, programu inapendekeza ulio karibu zaidi, yaani Ukunda, kisha Malindi. Viwanja vyote viwili viko kwenye ufuo ule ule. Mstari wa mvua ukitanda pwani, vinaweza kufungwa pamoja na Mombasa. Soma TAF ya bara, na mafuta yako yapimwe kwa huko.

Ukizima data, ripoti ya zamani inabaki kwenye kioo bila onyo lolote. Tazama tarehe na saa ya ripoti, kama ile 121200Z, kabla ya kutazama kingine.