Tube Screamer na RAT: diodi zilezile, mkato tofauti
Pedali hizi mbili za gitaa, Ibanez Tube Screamer na ProCo RAT, huikwaruza sauti kwa kukata vilele vya mawimbi ya umeme kwa jozi ya diodi za silikoni (vijenzi vinavyopitisha umeme upande mmoja tu), kila moja ikielekea upande wake. Diodi ya aina hiyo hufunguka, yaani huanza kupitisha umeme, kwenye kama volti 0.6. Tofauti iko mahali zilipofungwa.

Kwenye RAT zimekaa baada ya kikuza mawimbi, zikiunganisha njia ya sauti na ethi (sehemu ya saketi yenye volti sifuri). Wimbi likivuka volti 0.6, juu au chini, ziada inamwagwa ethi. Kilele kinakuwa bapa, wimbi linakaribia umbo la mraba, na sauti inatoka na makali.

Tube Screamer inavutia zaidi kuichunguza. Humo diodi ziko ndani ya njia ya mrejesho ya kikuza mawimbi, ile inayorudisha sehemu ya wimbi lililokuzwa kwenye mwingilio wake. Zikifunguka, ukuzaji hushuka hadi karibu mara 1, haufiki sifuri. Kwa hiyo wimbi la asili la gitaa bado linapita, limejumlishwa na lile lililokatwa. Kilele kinabaki na mviringo, na ukizidi kupiga nyuzi kwa nguvu, tofauti inasikika. Isitoshe, kapasita moja (kijenzi kinachopitisha sauti nyembamba kwa urahisi kuliko nzito) hupunguza ukuzaji wa sauti zenye masafa ya chini ya takriban hezi 720, hivyo besi haikatwi sana wala haivurugiki.

Kwa mpiga solo anayetaka mkono wake usikike, nashauri Tube Screamer bila kusita. RAT ni ya anayetaka mkwaruzo mzito. Ukiiwekea diodi za gerimaniamu, zinazofunguka karibu na volti 0.3, mkato unaanza mapema na sauti inapungua.