Umefunga tairi mpya, gari linakunywa? Iache injini

Wadau, karibuni tena. Tupo Chumbageni hapa Tanga, jua kali, mkiniona nimekunja uso si hasira. Au ni hasira kidogo. Hebu oneni: tairi za kashata nene (yale meno ya mpira yanayokanyaga barabara) za kupandia milima, mtu kazifunga kwenye Toyota IST, kigari cha mjini! IST ya kutoka Raskazone kwenda Kange! Zinapendeza, sikatai. Muundo wake mnauona, siusemei.

Mimi naongelea mafuta. Meseji haziishi: "Kaka, nimeweka tairi mpya gari linakunywa, nibadilishe plagi?" Plagi zimekukosea nini? Tairi ikigusa lami inabonyea, mpira unapata joto, na hilo joto unalilipia sheli. Kashata nene, mpira wa kubonyea mwingi. Kipara ulichokitoa kilikuwa kinabingirika kirahisi, ndiyo, lakini usikirudishe. Masika ikikukuta njia ya Muheza utanitafuta.

Kamera sogea. Sogea tena. Ubavuni pameandikwa 195/65R15: upana milimita 195, kimo cha ubavu asilimia 65 ya huo upana, rimu inchi 15. Iliyotoka ilikuwa 185/65R15. Napiga chaki kwenye tairi, napiga na sakafuni. Sukumeni, polepole... polepole jamani! Chaki imerudi chini. Weka alama hapo. Kwa hesabu ya saizi, ile ya zamani mzunguko mmoja ni kama sentimita 195, hii 199. Dashibodi haijui kama umebadilisha, yenyewe inahesabu mizunguko tu. Umetembea kilomita 102, inakuandikia 100. Unagawa kwa lita, roho inakuruka. Kumbe sehemu ya huo ulaji ni ya kwenye karatasi! Kuna mwenzetu wa chaneli nyingine kaongea tairi pana video nzima, hili hakuligusa.

Upepo: fungua mlango wa dereva, soma kibandiko kinachosema tairi ijazwe kiasi gani. Fundi pancha akipiga tairi teke akasema "iko freshi", mwambie alete geji.

Na ukikuta tairi yenye lebo ya Ulaya, tafuta picha ya pampu ya mafuta. A haili sana, E ni mlafi. Ila angalia na picha ya wingu la mvua, hiyo ni breki kwenye maji. Mimi hapo sibanii.

Maiki mpya mnaisikia? Semeni kwenye maoni.

Bei, nilijua mtauliza. Duka la kwanza walinitajia, nikatoa kamera, ikapanda. Kesho naenda mikono mitupu, nitawaandikia hapo chini.