Wiki 12 za Kihispania mjini Granada: uzoefu wangu

Nilijiandikisha katika chuo kidogo cha lugha mjini Granada, kusini mwa Hispania: wiki 12, saa 20 kwa wiki. Nilikuwa nimejifunza mwenyewe kwenye simu hadi kiwango cha A2, cha pili kati ya sita za Ulaya za kupima lugha (A1 hadi C2), nikataka kufika cha tatu, B1, kabla masomo yangu ya uzamili hayajaanza. Nimefika. Naandika hasa kwa ajili ya wenzangu tuliokua na Kiswahili.

Wiki mbili za mwanzo zilinichosha mno. Kitabu kilieleza sarufi kwa Kiingereza, nami nikawa nabeba lugha tatu kichwani. Tulipofika kwenye subjuntivo, umbo la kitenzi linalotumika kwa mambo ya kutaka na kutamani, darasa zima likakwama. Mwalimu akaandika ubaoni: Quiero que vengas. Nikaitazama sana. Vienes imegeuka vengas kwa sababu tu kuna mtu anayetaka. Si ndiyo "nataka uje" hii? Hakuna asemaye "nataka unakuja". Unakuja huwa uje, unasoma huwa usome, na kwetu Mombasa mtoto mdogo hakosei. Wakati wa mapumziko nilimweleza mwalimu. Akanipa kalamu niandike ubaoni, akaniuliza maswali mpaka chai yake ikapoa. Tangu siku ile niliacha kabisa kupitia Kiingereza.

Ser na estar, vitenzi viwili vya "kuwa", navyo vilinifungukia hivyo hivyo. Soy estudiante, mimi ni mwanafunzi. Estoy en Granada, niko Granada. Hailingani kila mahali, maana sherehe iliyopo nyumbani kwangu wao husema es en mi casa, si está. Hayo niliyakariri tu.

Maneno ndiyo yaliyonipa raha. Sokoni nilikuta aceituna, nikajua ni zeituni kabla sijaonyeshwa. Azafrán ni zafarani, azúcar ni sukari: yote yametoka kwa Waarabu, kwao na kwetu. Halafu kuna ojalá, lenye jina la Mwenyezi Mungu ndani yake, nalo linataka subjuntivo: ojalá apruebes, inshallah ufaulu.

Ijumaa ilikuwa siku ya misemo. Quien mucho abarca poco aprieta, yaani akumbatiaye vingi hubana kidogo. Nikawapa "mshika mawili moja humponyoka", wakaiandika. Siku ya ziara tulipanda Alhambra, kasri la wafalme Waislamu waliotawala hadi 1492. Kutani yamerudiwa maneno wa la ghaliba illa Allah, hakuna mshindi ila Mungu. Niliyasoma kwa sauti, kwa herufi za Kiarabu nilizofundishwa chuo cha Kurani utotoni, na wenzangu wakanyamaza. Kwa saa hiyo moja peke yake sijutii ada yangu.

Sasa kasoro. Tuliahidiwa darasa lisilozidi watu 8, tukawa 13. Nililalamika ofisini mara mbili, nikaambiwa nisubiri, na hakuna kilichobadilika. Kubwa zaidi ni sikio. Sauti za mazoezi zilitamka kila herufi polepole, ilhali watu wa Andalusia, eneo ulimo mji wa Granada, humeza s za mwisho: más o menos huwa ma o meno. Mwezi wa kwanza muuza mkate akiniuliza kama nataka kingine, nilikuwa namkodolea macho tu. Chuo kilicho mjini humo humo kingepaswa kutufundisha jambo hilo wiki ya kwanza.

Sikio nililipata kwa bibi mwenye nyumba niliyopanga. Huko baada ya chakula cha mchana watu hawanyanyuki. Hukaa mezani wakizungumza, na kukaa huko kuna jina lake, sobremesa. Nilikuwa nikimwita usted, "wewe" ya heshima, ni mtu wa umri wa nyanya yangu. Akanikataza, akataka tú, "wewe" ya kawaida. Ulimi ulinigomea kwa majuma mawili, maana kwetu mkubwa huanzwa kwa shikamoo.

Mwenye A2 namshauri aende. Anayeanza kabisa asubiri kwanza. Kabla ya kulipa, ulizia idadi ya wanafunzi na uandikiwe. Na ukae na familia, usipange chumba na wageni wenzako. B2 nitaisomea Granada, Mungu akipenda, katika chuo kingine, lakini nyumba ni ile ile.