Tandiko la reini la ngozi, inchi 16, kwa farasi wa pwani ya Unguja

Reini ni mchezo wa Kimarekani: farasi huzunguka papo hapo, hukata duara kwa mbio na kusimama kwa kuserereka kwa miguu ya nyuma, huku hatamu zimelegea mkononi. Tandiko hili limeshonwa kwa kazi hiyo. Pembe yake, kishikio cha mbele ya kiti, ni fupi, mkono wa hatamu haukwami juu yake, na mabawa ya ngozi yanayobeba vikuku vya kukanyagia yanacheza mbele na nyuma bila ubishi. Hapo halina mpinzani. Mpandaji hukaa karibu na mgongo, na akitaka kusimama hushusha makalio kitini, hutamka "hoo", ndipo mkono ufuate. Anayeanza kwa kuvuta humfanya farasi ainue kichwa na kujikita kwa miguu ya mbele. Hilo si kosa la tandiko.

Kasoro ni upana. Mengi ya aina hii hukatwa kwa Quarter Horse, farasi wa mgongo mpana; kwa mwembamba huzama mpaka likagusa kinundu cha mabega. Kabla ya kulipa, liweke bila blanketi: vidole viwili hadi vitatu vipite kati ya kinundu na tandiko. Kisha pitisha kiganja chini yake kutoka mbele hadi nyuma. Likigusa ncha zote mbili na kuacha uwazi katikati, liache. Baada ya safari tazama jasho. Doa kavu katikati ya mgongo uliolowa ni alama ya kubanwa au ya pengo.

Sasa chumvi. Kwa matembezi ya Paje au Nungwi, tandiko la nailoni linafaa zaidi, maana ngozi masika huota ukungu upesi. Likirushiwa maji ya bahari, lifute kwa kitambaa na maji baridi, likauke kivulini penye upepo. Usilianike juani kama karafuu. Mafuta ni kidogo, tena likiwa kavu, kwani yakizidi ngozi hulegea. Manyoya ya kondoo ya chini hushika mchanga na kukwangua mgongo kama msasa, basi yapige brashi ngumu kila jioni. Pete za chuma kilichopakwa nikeli zitaota kutu. Dai zisizoshika kutu.

Na kuserereka kusijaribiwe ufukweni, hata bamvua likiacha uwanja mtupu. Kunahitaji tabaka jepesi la mchanga juu ya ardhi ngumu, na viatu vya chuma vipana, laini chini, kwenye kwato za nyuma. Mchanga mkavu wa ufuo unazamisha, uliolowa unashika kwato ghafla, na kano ndizo zinazolipa.

Mshipi wa tumbo wa neoprini, mpira laini, huoshwa upesi ila hunasa mchanga. Kabla ya kukaza, pitisha vidole nyuma ya kiwiko cha farasi. Vidonda huanzia hapo.