Mafundi wa kuondoa paa la asbesto, Jinja: nyota 3 kati ya 5

Nyumba aliyotuachia baba, mtu wa reli, bado ilikuwa na paa la asbesto. Mafundi wa mtaani walitaka kulivunja kwa nyundo wamalize siku hiyohiyo. Nikachukua kikundi hiki kinachosema kinaijua kazi ya asbesto. Bei yao ni karibu mara mbili, na chai juu yako.

Kazi ya juu sina neno. Walilowesha shiti kwa maji ya sabuni, wakafungua bolti mojamoja, wakazishusha kwa kamba zikiwa nzima na kuzifunga nailoni nzito mara mbili. Ufagio hakuna aliyeugusa. Walipangusa kwa vitambaa vibichi. Hicho ndicho unacholipia. Asbesto ikivunjwa hutoa nyuzi zisizoonekana kwa macho. Zile ndefu ukizivuta, seli za kinga hujaribu kuzimeza zikashindwa, mchochota ukaendelea miaka nenda miaka rudi kwenye utando unaofunika mapafu. Saratani yake, mesothelioma, mara nyingi hujitokeza baada ya miaka 20 hadi 50.

Sasa lawama. Mchana kijana mmoja alivuka barabara kununua rolex, chapati ya mayai, na ovaroli lake limejaa vumbi. Nikamwita: "Mwanangu, hilo utalivulia wapi?"

"Nyumbani, Mama. Mke wangu atalifua."

Mimi ni muuguzi mstaafu. Nilitafuta pa kukaa. Wako wanawake waliougua mesothelioma bila kukanyaga kiwandani, kwa kufua nguo za waume zao tu. Msimamizi naye ana ndevu, na barakoa yake ya filta ya P3, ile ya kuzuia vumbi laini kabisa, imekaa juu ya ndevu hizo, hewa inajipitia pembeni. Pesa ya filta imekwenda bure.

Nilipomwambia alicheka, eti hospitali zipo. Zipo, lakini dawa za saratani pemetrexed na cisplatin zilipojaribiwa pamoja kwa ugonjwa huu, nusu ya wagonjwa waliishi zaidi ya miezi 12.1, badala ya 9.3 kwa cisplatin peke yake. Nivolumab na ipilimumab, dawa za kuamsha kinga ya mwili zilizoidhinishwa Marekani mwaka 2020, zilifika 18.1, na bei yake usiulize. Ovaroli za kutupa wangeziweka kwenye bili yangu, ningelipa bila kunung'unika.

Shiti ziliondoka kwa lori. Karatasi ya kuonyesha zimefukiwa wapi nimeiomba, bado nangoja. Wakiileta naongeza nyota moja.