Autopsy mezani pa mchunguzi wa ushahidi wa kidijitali

Kompyuta inapoletwa kama kielelezo, jambo la kwanza la kujiuliza ni iwapo mtaalamu mwingine ataweza kurudia hatua zile zile na kupata majibu yale yale. Kwa kipimo hicho Autopsy, programu huria isiyolipiwa ya kuchunguza diski, iliyojengwa juu ya The Sleuth Kit, mkusanyiko wa zana za uchambuzi wa diski wa Brian Carrier, ina thamani kubwa kuliko bei yake.

Kazi, hata hivyo, haianzii ndani ya programu. Diski hunakiliwa kwanza kupitia kizuizi cha uandishi, kifaa kinachoruhusu kusoma bila kubadilisha chochote, na asiyekuwa nacho asitarajie kuokolewa na Autopsy. Nakala ikishafunguliwa, moduli huchambua historia ya kivinjari, barua pepe, vifaa vya USB vilivyowahi kuchomekwa na picha zilizohifadhi mahali zilipopigwa. Ukipakia orodha ya heshi (alama za kidijitali zinazotambulisha faili) ya NSRL, inayotolewa na taasisi ya NIST ya Marekani, mafaili ya kawaida ya mfumo endeshi hutambuliwa na kuwekwa kando, nawe unabaki na yale yanayostahili jicho la binadamu.

Sehemu inayosifiwa zaidi ni urejeshaji wa mafaili yaliyofutwa, na hapo ndipo ninapoomba tahadhari. Katika diski ya sumaku, data ya faili lililofutwa hubaki mpaka data nyingine iandikwe juu yake, hivyo moduli ya PhotoRec huweza kuifukua kwenye nafasi iliyo wazi, ingawa jina la awali la faili na tarehe zake kwa kawaida huwa vimepotea. Katika diski za SSD, zinazohifadhi data kwenye chipu badala ya sumaku, amri ya TRIM, inayoiarifu diski sehemu zisizohitajika tena, mara nyingi huwa imekwisha kufanya usafi, na anayemwahidi mteja kwamba kila kilichofutwa kitarudi anamdanganya.

Kwa simu janja iliyofungwa programu hii si jibu, kwa kuwa haivunji nywila. Huko hutumika zana za kulipia kama Cellebrite UFED. Mpangilio wa matukio kwa wakati ni mzuri sana, mradi mchunguzi ahakikishe kwanza kwamba saa ya kompyuta ile ilikuwa sahihi.

Utafutaji wa maneno unahitaji akili ya lugha. Ukitafuta "lipa" kama neno kamili, "nimelipa" halitaonekana. Ukitafuta kipande "lip", utapata "nimelipa", "walilipwa" na "malipo" kwa mkupuo mmoja, lakini pia rundo la "alipofika" na "walipokuja" lisilohusiana na fedha hata kidogo. Programu inakubali ruwaza za utafutaji, yaani kanuni zinazoeleza maumbo ya maneno yanayotafutwa, kwa hiyo mchunguzi wa nyaraka za Kiswahili atafanya vyema kuandaa ruwaza zake mapema, pamoja na viambishi vyake, kabla hajaanza kuchambua nakala yenyewe.