Ada ya awali kwa kampuni ya udalali: uzoefu wangu wa kuuza nyumba Tabata

Dalali wa kijiweni hakuombi hela ya kuitangaza nyumba. Ataomba ya bando, ya soda, kisha kila mmoja anaweka tangazo lake na cha juu chake, mpaka mnunuzi anaikuta nyumba moja kwa bei tatu. Nyumba yetu ya familia ilishafika huko, ndiyo maana tukaenda kwenye kampuni. Jina naliacha.

Kabla ya lolote ikatajwa laki tano, "ada ya usajili na matangazo". Kamisheni asilimia 5 ikiuzika, mkataba miezi sita, na wauze wao peke yao. Laki tano yenyewe haikunishtua. Kilichonikera ni mstari mmoja tu: ada hairudishwi. Kama inakatwa kwenye kamisheni au ni hela nyingine kabisa, mkataba kimya. Nikamuuliza kijana wa mapokezi, akasema, "Hiyo ni ya ofisi, bosi." Jibu gani hilo?

Nikaomba wanichambulie inaenda wapi. Ikawa picha na video, bango la getini, matangazo ya kulipia Instagram, na "upekuzi wa hati Ardhi", yaani kuangalia kwenye ofisi ya ardhi hati ni ya nani na kama ni safi. Huo upekuzi nikautoa. Malipo ya serikali yana kontroli namba, nalipa mwenyewe na majibu yanabaki mkononi mwangu. Tukashuka hadi laki nne, VAT ikiwa ndani: nusu nilipe siku ya kusaini, nusu bango likishasimama, na yote ikatwe kwenye kamisheni. Mkataba ukawa wa miezi mitatu. Nilitaka pia mteja nitakayemleta mwenyewe asiwe na kamisheni. Hapo waligoma, tukaishia asilimia 2.

Kwenye kazi siwadai. Mpiga picha alikuja jioni jua limepoa, akatuambia tuanue nguo kambani na tuondoe ndoo barazani; picha zilitoka, nyumba hata sisi tukaitamani. Bango ndilo lilisuasua, na ile nusu ya pili nikaikalia mpaka nilipoliona getini kwa macho yangu. Waliokuja kutazama walikuwa wachache kuliko wa madalali, lakini walikuja na hela. Nyumba ikaenda kwa milioni 120 mkataba ukiwa bado hai.

Kisha ikaja ankara: kamisheni 6,000,000, VAT ya asilimia 18 ambayo ni 1,080,000, jumla 7,080,000. Laki nne zangu hazimo! Nikawapigia picha kifungu tulichosaini nikawatumia, na jioni ile ile ikarudi ankara ya 6,680,000. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, nikapewa bila kuidai. Ila hiyo VAT ya juu ya kamisheni hakuna aliyeitamka siku tunapatana asilimia 5, na ni milioni nzima na ushee. Iulize kabla hujashika kalamu.

Kwa kuuza nawapa nyota nne. Kwa makaratasi, mbili.